Kibao cha Mzee Luan

Gangshan, Jumatatu

Mdogo wangu Su-mien,

Nakusalimu wewe na shemeji, na goti lako lile la kushoto nalo nalisalimu, maana najua ndilo linaloamua umeamka vizuri au vibaya. Natumaini mnakula na mnalala. Mimi nipo. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena, daktari kanipa dawa ya kupaka inayonuka kama panya aliyefia darini, na usingizi unanijia mchana nikiwa sina haja nao, usiku unanikimbia. Nimechoka, Su-mien. Sisemi ili unihurumie. Umeuliza, nimejibu.

Barua yako ilifika zamani. Imekaa juu ya friji siku kumi na mbili, nimeiwekea jagi juu yake isiniangalie. Usinigombeze kwamba sikupiga simu. Kwenye simu wewe hulia na mimi hunyamaza, tukikata hakuna lililosemwa. Shule yangu iliishia darasa la sita, wajua, kwa hiyo mwandiko ukiupata umepinda, unyooshe mwenyewe.

Uliniandikia mambo mawili. La kwanza, niende nikale kwenye mgahawa wa mwanao Pei-shan hapa Gangshan, nikuambie ukweli mtupu bila adabu za ndugu. La pili, kwamba mtoto anataka kuandika mlangoni pake jina la Baba, Vibunda vya Mzee Luan, kwa kuwa duka langu nimelifunga tangu mwaka jana na wanangu wawili wako Taipei mbele ya kompyuta, hawajui hata unga uliokomaa unavyobonyea. Na wewe, kwa upole wako huo unaonichosha, ukamjibu kuwa jina lile Baba alinipa mimi kwa neno lake mwenyewe, na ni mimi tu wa kulitoa au kulikatalia. Hilo la pili nitalifikia. Usiruke mistari.

Basi nimekwenda. Ilikuwa Alhamisi, saa tano na nusu, kabla watu wa viwanda vya skrubu hawajamiminika. Nilimchukua Bi Kao, yule jirani anayeuza asali, maana mwanamke mmoja kukalia meza ya watu wanne saa ya chakula cha mchana ni utovu wa haya. Alinicheka njia nzima. Eti miaka arobaini na moja nimewauzia watu vibunda vya unga na nyama, leo naenda kupanga foleni ya kununua. Nikamwambia kinyozi hajinyoi, na atazame mbele asije akagongwa na pikipiki.

Sasa ukweli uliotaka. Karatasi za kuagizia zimechapwa kwa herufi za sisimizi. Mzee hawezi kutia alama bila miwani, na penseli zote ni butu. Kwenye kabati la vioo la vitoweo vidogo, mwani umekatwa mrefu mno, unaning'inia mdomoni kama ndevu. Bi Kao alihangaika nao mpaka nikaona haya mimi. Supu ya uchachu ameizidishia wanga. Tambi zilikaa majini kidogo zaidi ya haki yake, ingawa nyama ya ng'ombe juu yake ilikuwa laini na mchuzi haukuwa wa haraka. Matango ni mazuri. Kitunguu saumu cha meza ya sosi kimetwangwa asubuhi ile ile, nilikinusa. Vijiti ni vikavu. Sikuona nzi, na nilimtafuta.

Pei-shan mwenyewe yuko kwenye mvuke, kofia imeshuka mpaka nyusi. Ana mabega ya Baba, yale yanayoinuka akisukuma vipande vya unga. Aliponiona akatoka mbio, mikono myeupe, akainama, akasema Mama Mkubwa umekuja. Nikamwambia arudi kwenye sufuria, maji hayasubiri jamaa. Akarudi. Na nilimhesabia: maji baridi alimimina mara tatu, kila yalipofoka, kama inavyotakiwa. Siku hizi humuoni mtu wa kumimina hata mara mbili.

Vibunda vikaja, kumi na tano vyangu na kumi vya Bi Kao. Yeye akavizamisha vyake kwenye siki na pilipili kama anayeosha nguo. Mimi cha kwanza nilikila kitupu. Unakumbuka Baba alivyotufundisha: sosi huficha aibu ya mpishi, kwa hiyo cha kwanza kila mara kitupu.

Nikauma. Nikaweka vijiti chini.

Vilikuwa vya Baba. Sisemi vilifanana. Vyangu mimi vilifanana. Vyangu vilikuwa vizuri, marubani wa kambi ya jeshi walivifuata kwa miguu kwenye mvua, na sitakubali mtu aseme vinginevyo. Lakini vya Baba havikuwa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Miaka arobaini na moja nimebadili nyama, nimebadili majani ya kitunguu, nimetia tangawizi, nimetoa tangawizi. Watu wakiniuliza siri ya mzee nilicheka tu. Moyoni nilikwisha kujiambia kwamba alizikwa nayo.

Bi Kao akaniuliza kuna nini, nywele? Nikamwambia nimejiuma ulimi. Akasema, "Ulimi wako wewe? Huo hauumwi, huo huuma."

Nikamwita Pei-shan nikamuuliza ameweka nini humo. Akatazama viatu vyake. Akasema uduvi mkavu, umekaangwa bila mafuta mpaka ukanukia, ukatwangwa ukawa unga, kijiko kimoja tu kwa nyama ya siku nzima. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akasema wewe. Nikauliza wewe ulifundishwa na nani, maana Baba hakuwa akimruhusu mtu kusimama karibu naye akikoroga. Hapo ndipo aliponiambia kwamba Mama alikuwa akimchungulia Baba kupitia tundu la pazia miaka yote, na kwamba alikufundisha wewe jikoni nyuma, wiki ile kabla hujaondoka kwenda Hualien, siku niliyokuwa hekaluni. Na kwamba Mama aliacha neno.

Neno gani? Hakutaka kusema. Watu walikwisha kujipanga mlangoni, nikamwambia sitoki kwenye kiti hiki hata kikiota mizizi. Akaangalia mlango, akaniangalia mimi.

"Bibi alimwambia Mama, dada yako asipewe mpaka aombe mwenyewe."

Vibunda kumi na vinne vilivyobaki nilivila kimoja kimoja, bila sosi.

Sasa nifikie lile la pili. Nimekaa mezani tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili, na nisipoliandika leo nitakufa nalo, na wewe utakuja kunililia kaburini kwa machozi nisiyoyastahili.

Unaikumbuka siku ya arobaini na tisa baada ya Baba kufa. Mama alisema jiko na jina havikatwi vipande viwili kama figili, aamue marehemu mwenyewe. Baba aliyekuja na jeshi kutoka Shandong, ambaye maisha yake yote alizicheka sarafu ambazo watu wa kwao Mama huwauliza nazo wafu, akarushiwa sarafu mbili: ndiyo ni mara tatu mfululizo. Mama akauliza kwa jina lako kwanza. Nani angeshangaa? Wewe ndiye uliyeamka naye saa kumi alfajiri kukanda unga. Wewe ndiye aliyekuita uonje chumvi. Mara ya kwanza, moja sura na moja namba, Baba amekubali. Mara ya pili vile vile. Ilibaki moja. Mama akarusha, sarafu zikabingirika chini ya meza ya madhabahu. Wewe ulikuwa umeshika ubani, Mama macho yake yalikuwa na ukungu tayari. Nikatambaa mimi.

Moja sura, Su-mien. Moja namba.

Nilizifumbata kabla mtu hajainama. Nikatoka na vumbi magotini nikasema zote sura, Baba anakataa.

Mume wangu alikuwa hana kazi, nilikuwa na watoto wawili, wewe ulikuwa na miaka ishirini na mitatu, ungeolewa na jina lingehamia nyumba ya watu. Hayo yote ni kweli, na hayanisaidii kitu. Ukweli mwingine ni chumvi. Hakuniita hata siku moja nionje chumvi.

Mama akauliza kwa jina langu. Zikaanguka katikati ya sakafu, mbele ya kila mtu, ndiyo mara tatu mfululizo. Nimelala na jambo hilo miaka arobaini na miwili na bado silielewi. Labda Baba alinisamehe papo hapo. Labda alisema chukua basi, utaona. Nimeona. Nimeona magunia ya unga, mvuke, mgongo, na jina la mtu mlangoni ambalo kila asubuhi nilipita chini yake nimeinamisha kichwa, na wateja wakidhani ni heshima.

Na Mama alijua. Alinyoosha mkono nimpe sarafu, akazishika muda mrefu, akizisugua kwa kidole gumba. Ni nani huokota sarafu za marehemu kabla hazijaonwa na wengine? Hata kipofu angejua. Akasubiri niseme. Akafa akisubiri. Na wewe kila mwaka mpya ukaniletea maua makavu ya supu kutoka Hualien, kifurushi kimefungwa kwa utepe mwekundu. Niliyala. Mwaka gani sikuyala?

Kwa hiyo usiniombe ruhusa ya jina. Si langu. Kibao cha zamani, kile alichokichonga Baba mwenyewe, kipo nyuma ya mlango wa stoo, jana nimekifuta vumbi kwa mkono wa kushoto. Mwambie Pei-shan aje na mtu mwenye mgongo, mimi siwezi kukiinua. Akitundike juu, kinyooke, asikipake rangi mpya. Kwa nini kinakuja kwake, mweleze wewe ukipenda. Usipopenda, nitamweleza mimi. Na jambo hili msilirushie sarafu. Nasema mimi, kwa mdomo wangu, na mara hii sijafumbata kitu.

Nisalimie shemeji, mwambie apunguze sigara, kikohozi chake nakisikia mpaka huku. Wasalimie majirani zako wale wa bustani ya chai. Bi Kao anakusalimu, amekuwekea chupa ya asali ya maua ya longani na ananisumbua kila siku kuhusu anwani yako.

Limebaki moja. Mama alisema mpaka niombe. Uduvi siuombi, vidole hivi havitafunga tena kibunda. Naomba uje. Treni ya asubuhi inakufikisha hapa kabla mgahawa haujajaa. Tutakaa meza ile ya karibu na sufuria, tutaagiza thelathini, cha kwanza tutakila kitupu. Ukitaka kunitukana, nitukane baadaye, vikipoa vinashikana. Na safari hii chumvi uionje wewe, mimi nitangoja uniambie.

Haya. Nimeomba.

Ni mimi dada yako,
Luan Su-chih