Mapile Uliyoyaanika Juani

Yaya Musafiri,

Kaka yangu mukubwa, ni mimi, mudogo wako Zaina. Mapile yako, zile betri zako, yangali juu ya bati, sijayashusha. Tangu tukuzike, watu wanapita kwenye atelie yangu ya kushona, wanauliza redio walizokuachia utengeneze. Ninawarudishia, wanaenda, na kimya kinabaki. Hakuna hata mutu wa kugombana naye.

Ile kengele uliyokuwa unamutengenezea Mama, ukaiacha katikati, nimeikamata mimi, niimalize. Usicheke! Ulisema Mama atabonyeza kitufe kitandani, kidude kitatuma wimbi bila waya, na kengele italia huku ng'ambo ya barabara, kwenye mashine yangu ya kushona. Basi juzi Mama, na ile miguu yake, alianguka mulangoni. Aliita mpaka sauti ikakauka. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma, sikusikia kitu. Nilimukuta chini, na jina alilokuwa anaita ni lako.

Nikakaa na vyombo vyako. Nabonyeza: taa inawaka, kidude kinanyamaza. Nikabadilisha waya, nikasodiri upya kwa risasi ya moto, nikajiunguza kidole, nikakutukana, unisamehe. Taa tu! Mwishowe nikaweka mita yako ya kupima umeme kwenye mapile uliyoweka ndani ya kidude, nikabonyeza huku naangalia sindano yake. Ikaanguka mpaka chini. Kumbe ni wewe na jua lako! "Pile haifi, inachoka tu, uianike," ulikuwa unasema, na kwa tochi ulikuwa na haki. Lakini kidude kikitaka kutuma kinavuta nguvu kwa ghafla, na pile ya kuanikwa inaweza kuwasha taa ndogo tu, basi. Kichwa ngumu wewe! Laiti ungekuwa hapa nikuambie usoni, uninunie, ukatae hata bugali wangu.

Sasa kidude kiko na mapile mapya, yake peke yake. Karibu kabisa na miguu ya kidude, vile visindano vyake vya chuma, nimesodiri kondensateri, kale kapipa kadogo kanakoweka nguvu akiba. Waya wa minasi wa mapile hayo, ule wa hasi, nimeuunganisha na ule wa karte, kale kabao ka saketi, vile ulinionyesha.

Jana kengele ikalia. Niliruka na utepe wa kupimia nguo shingoni, nikavuka barabara bila kuangalia pikipiki, wenye pikipiki wakanitukana. Mama alikuwa amekaa vizuri kitandani. Hakuanguka, hakuumwa, hata maji hakutaka.

"Hapana kitu, mwanangu," aliniambia. "Nilitaka tu nione kama mutu atakuja."

Nikakaa chini pale, tukalia wote wawili.

Lala, yaya yangu. Kila mara ikilia nitamwendea, hata kama ni hapana kitu, hata kama nguo ya mutu iko nusu kwenye sindano. Hilo nakuahidi. Ila mimi, siku nikitaka tu kuona kama mutu atakuja, sijui nibonyeze wapi.

Zaina wako