Nukta za Uso wa Nyaga

Alhamisi, Agosti 1999
Kiirua

Ukungu umekaa shambani tangu asubuhi, hata viazi vya jirani sivioni, na mimi nimeshinda nikimshuku mtu ambaye sijawahi kumpa mkono.

Mtu mwenyewe ni Nyaga, mchumba wa mdogo wangu Kendi. Kwao ni Kiritiri, lakini anafanya kazi Ujerumani, na Jumamosi watu wake wanakuja hapa nyumbani na mbuzi wa mahari bila yeye. Kendi alimjua alipokuja likizo Krismasi ya juzi. Sisi wengine tunamjua kwa barua tu. Basi Shangazi Karimi, dada ya marehemu baba, akasema hawezi kula mbuzi wa mtu asiye na sura. Akataka picha. Na si picha ndogo ya kupitishwa mikononi, la, picha kubwa ya kutundikwa ukutani pale wageni watakapoketi.

Kazi ikaniangukia mimi, kwa sababu ni mimi mwenye kompyuta na printa ya rangi, ile ninayochapia watu kadi za harusi. Kendi aliipokea picha kwa barua pepe huko Meru mjini anakofundisha, akaniletea jana kwenye diski.

Kwenye skrini kijana alipendeza. Shati jeupe, tabasamu la kiasi. Nikasema haya, leo shangazi atanyamaza. Nikaivuta picha ijae karatasi nzima, nikabonyeza, nikaenda kuchemsha chai.

Niliporudi nilikuta viboksi. Pua viboksi, macho viboksi vyeusi, mdomo umekatika ngazi ngazi kama ile sweta niliyofuma nikiwa darasa la sita. Na wino wangu wote huo!

Shangazi aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza, akairudisha. Akasema kijana huyu anaficha macho, na kama anaficha macho kabla hajaoa, akishaoa ataficha nini. Nikamweleza si yeye, ni nukta. Picha ya kompyuta ni nukta tupu, na ukizitandaza kwenye karatasi kubwa kuliko uwezo wake zinanenepa mpaka unaziona moja moja. Akaniangalia vile anavyomwangalia muuza dawa ya panya.

Leo nikatoa kijitabu kilichokuja na printa, ambacho nilikuwa sijakisoma. Kinasema inchi moja ya karatasi inataka nukta kama mia tatu ili uso utoke safi, au mia na hamsini ukijikaza. Nikatazama picha ya Nyaga ina ngapi. Upana, mia mbili themanini na saba. Kwa hesabu hiyo ukiitaka safi haitapita ukubwa wa picha ya pasipoti. Ya ukutani tusahau.

Hapo sikuwa na neno naye. Neno lilikuja nilipofungua picha za zamani alizomtumia Kendi, zilizobaki kwenye kompyuta yangu, za theluji na za gari moshi, nione kama kuna inayofaa. Zote upana ni mia sita na arobaini, kimo mia nne na themanini. Kamera yake haijui kutoa kipimo kingine. Sasa hii ya mia mbili themanini na saba imetoka wapi?

Imekatwa.

Nikairudia nikiwa nimesogeza pua karibu na skrini. Ukingoni, upande wa kushoto, shati limevutwa, lina mkunjo. Kuna mtu amelishika, na mtu huyo yuko upande uliokatwa.

Nikawaka. Kijana mzuri hivyo, peke yake Ulaya, na barua tamu tamu kila wiki, aki mimi nilijua tu! Nikajiona tayari nimesimama barabarani nikiwarudisha wazee wa Kiritiri na mbuzi wao. Nilimhurumia Kendi mpaka machozi yakanilenga, lakini nilisema moyoni afadhali alie wiki hii kuliko alie akiwa ameshaolewa.

Nikamwita chumbani na kufunga mlango, shangazi asisikie. Nikamwonyesha nambari, nikamwonyesha mkunjo. Nikamwambia Nyaga amemkata mwanamke kwenye picha.

Hakulia. Hakushtuka hata kidogo. Ndipo nikaanza kumshuku yeye.

"Si Nyaga aliyekata," akasema. "Ni mimi."

Na kukata picha nilimfundisha mwenyewe, kwenye kompyuta hii hii.

Akatoa diski nyingine kwenye mkoba. Picha nzima. Kushoto kwa Nyaga, amesimama juu ya kiti na kung'ang'ania bega la shati lake, kuna msichana mdogo, hajafika hata umri wa kuanza shule. Ni mtoto wa Nyaga. Mama yake ni Mjerumani, na Kendi anasema walikuwa wameshaachana kabla yeye na Nyaga hawajajuana. Nyaga alimweleza yote mapema, wala hakuna alilomficha.

Nikamuuliza mbona asituambie. Nilidhani atasema anamwogopa shangazi. Akasema shangazi atapiga kelele, apewe nyama, yaishe.

"Nilikuogopa wewe," akasema. "Wewe ukishamshuku mtu, humwachi."

Iliniuma. Hata sasa ninapoandika inauma. Nikamuuliza tu nichape ipi. Alikunja na kukunjua ncha ya leso yake. Kisha akasema nichape nzima.

Safari hii sikuivuta. Niliiacha iwe ndogo kidogo kuliko postikadi, ukubwa ambao nukta zake zinauweza. Atakayetaka kumwona mkwe itabidi asogee.

Karatasi ilikuwa bado inatoka, mstari kwa mstari, mama alipoingia kuuliza kama tumekwisha kunywa chai. Ilipotoka tu akaichukua kabla sijamzuia. Nikamwambia wino haujakauka, akaishika kwa pembe. Aliitazama, akaitazama. Kendi alinishika mkono kwa nguvu.

"Na huyu," mama akauliza, "anaitwa nani?"

Kendi akasema anaitwa Greta. Mama akaketi kitandani, akalijaribu taratibu, Gureta, Gureta, mpaka likamkubali mdomoni.

Nyaga bado simwamini kabisa, siwezi kudanganya humu. Lakini Jumamosi shangazi akitaka kuanza na mtoto huyo, ataanza na mimi.