Mikono ya Mama Sabuni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, na Baba anakusalimu sana. Jana alitembea hadi dirishani, akarudi kitandani akilalamika kuwa chai ya hospitali haina ladha. Ukisikia Baba analalamika, ujue anapona.

Uliniuliza kwa nini dawa za mwanzo hazikumsaidia. Nilikuwa nikingoja mtu aniulize, maana hapa nikianza kueleza kazi ya maabara, kila mtu hukumbuka ana shughuli mahali. Ni hivi: tunawaotesha bakteria wa kidonda, tunawapaka kwenye sahani ndogo yenye chakula chao, kisha tunapanga juu yake vijikaratasi vya mviringo, kila kimoja na dawa yake. Kesho yake, dawa inayowaweza huwa imezungukwa na duara tupu. Isiyowaweza, wameota mpaka ukingoni mwa kikaratasi. Hao wa Baba waliziona dawa saba si lolote si chochote. Ya nane tu ndiyo iliyopata duara. Nilipima kwa rula mara tatu, milimita ishirini na mbili. Baba alipoelezwa alitaka kujua wadudu hao wamesomea wapi.

Hilo ndilo swali lililoninyima raha. Aliingia hospitalini na mguu uliovunjika, akapasuliwa, kidonda kikawa safi. Sasa walitoka wapi? Wewe ulishapata jibu lako, ukamwandikia mkuu wa hospitali kwamba muuguzi wa wodi hanawi mikono. Dada, huyo ndiye tunayemwita Mama Sabuni, kwa jinsi anavyowafukuza hata madaktari warudi bombani. Barua yako ilipofika alisimamishwa kazi. Jumanne atahojiwa, na huenda asirudi tena.

Siku hiyohiyo nilipita wodini na pamba zangu za kuchukulia vipimo. Nilipangusa bomba, reli za vitanda, kitasa cha mlango, hata redio ya Baba. Mama Sabuni, akiwa anakusanya vitu vyake, alininyooshea mikono mwenyewe na kuniambia nipanguse nitakavyo. Bakteria wale hawakuota popote, si kwenye redio, si kwenye mikono yake. Mkuu wangu wa maabara akatania kwamba tumebaki sisi wenyewe. Nilicheka, kisha nikautazama mkono wa koti langu.

Unakumbuka nilivyojisifu kwako kwamba mlinzi hunipitisha wodini saa yoyote? Hupitisha koti jeupe. Koti la maabara haliruhusiwi kuvuka mlango wa maabara, na tangazo la kukataza nililibandika mimi. Kila mchana nilitoka nalo kwenye sahani zangu moja kwa moja hadi kwa Baba, nikamnyanyulia mto, nikafunua shuka kutazama bandeji.

Nilipangusa ncha ya mkono wa koti. Walioota walishindwa na dawa ya nane peke yake. Nikajipa moyo kwamba koti limewatoa kwa Baba. Lakini kwenye jokofu tulikuwa na bakteria wa mgonjwa wa wodi nyingine, niliowapima wiki moja kabla Baba hajalazwa. Niliwapima upya, na majibu yakawa yaleyale. Dada, aliyempelekea Baba ugonjwa ni mimi. Nimelia mpaka nimechoka.

Mkuu wa hospitali nimemwandikia kila kitu. Baba naye nimemwambia. Akauliza kama nitaendelea kuja kumwona. Nikamwambia nitakuja saa za wageni, bila koti. Sasa nakusihi, andika barua ya kuifuta ile ya kwanza, ifike kabla ya Jumanne.

Nilikwenda pia kwa Mama Sabuni kuomba radhi. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho. Halafu akanionyesha bomba la uani, akasema ninawe kwanza ndipo niingie.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
wa maabara