Paneli Zimeng'aa, Bomba Kavu

Kiwangwa, Alhamisi usiku

Uji haunishuki.

Pampu yetu ya sola imezima tangu wiki iliyopita. Fundi wetu anataka kuifungua, mwenyekiti wa kijiji hataki. Eti ina namba ya siri, na namba wanayo waliotuuzia, huko ng'ambo. Kwa hiyo tunasubiri wazungu waamke ndipo tunywe maji!

Leo kaja mgeni rasmi kuizindua. Asubuhi mwenyekiti kanijia mlangoni.

"Mama Zuhura, zile paneli zina vumbi. Zioshe zing'ae."

"Kwa maji gani, mwenyekiti?"

"Si unalo dumu ndani? Usituaibishe, mama."

Dumu langu la mwisho. Nikaziosha, mjinga mimi.

Mgeni kapiga picha mbele ya paneli, kasema sasa tunajitegemea kwa nishati safi. Bomba liko nyuma yake, hakuligusa. Tukapiga makofi.

Muuza maji, tunayenunua kwake tangu pampu izime, leo hakupita. Mgeni aliacha mezani chupa yake ya maji, kainywa nusu. Niliificha ndani ya kanga, na ndiyo niliyopikia huu uji.

Zuhura kala, kaomba tena.