Mjane wa Mwaka 96

Lucia upo? Nimeikuta mtandaoni ile filamu wazungu waliyopiga kwetu Mamba mwaka 96. Nimemwonyesha mama sasa hivi. Bora nisingemwonyesha.

Wanamwita MJANE. Mwaka 96! Baba kafariki mwaka jana tu, si ulikuwepo msibani?

Mama anapepeta mpunga, anaangalia pembeni, anatabasamu. Msimulizi anasema kwa sauti ya huzuni, "Verdiana anamkumbuka marehemu mumewe."

Marehemu!! Mimi nilikuwepo, nina miaka tisa. Baba alisimama hapohapo pembeni, wamemshikisha ubao unaong'aa wa kumulika uso wa mama. Anakunja sura kama mbuzi ili amchekeshe. Mama anamcheka YEYE.

Walituambia ni filamu ya kilimo cha mpunga. Na ule ubao walimpa wenyewe!

Nilijua mama atafoka. Wala. Karudia kale kapande mara nne, kisha kanishika mkono.

"Mwambie huyo wa kamera ageuke kidogo tu," kasema. "Baba yenu yuko hapo."