Chupa za Wanaokuja Kutoa Pole

Klara, acha unachofanya usome hii.

Tumetoka hospitali, niko stendi na Marta wangu. Macho yake ni ya manjano kama kiini cha yai. Nilidhani ni homa tu. Daktari kasema ini limeumia.

Ini, Klara! Tunahangaika na kansa ya damu, sasa na ini.

Daktari akaniuliza, "Mama, zaidi ya vidonge vyangu anakunywa nini?" Nikasema hamna kitu. Marta akacheka kidogo: "Daktari, kila anayekuja kunipa pole anakuja na chupa yake ya dawa ya mizizi. Mkubwa nitamkataliaje?"

Ni kweli. Ya bibi yake wa Gare aliinywa mbele yangu, nami nikashukuru.

Vidonge vimesimamishwa mpaka ini litulie. Nikauliza, na kansa je, nayo itasubiri? Daktari akaandika tarehe ya kurudi.

Timotheo wako anameza vidonge hivi hivi. Asipewe hata kikombe kimoja cha mizizi, ndiyo iliyogombana na vidonge ikaumiza ini. Bora waseme huna adabu.

Bibi kapiga simu sasa hivi, ameshachemsha nyingine. Marta kamjibu, "Asante bibi, tunakuja." Kisha akaniambia, "Mama, bibi asijue. Atadhani kaniua."