Jani la Isale Lililonunuliwa Upanga

Kariakoo, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje tangu mvua zianze? Na yule ndama aliyegoma kunyonya, amesimama? Mimi ni mzima, joto tu ndilo linalotupika, na duka la mapazia linaenda. Barua hii nimempa mke wa mchungaji akukabidhi mkononi, kwa sababu ukiongea kwenye simu husikika hadi ng'ambo ya mpaka wa shamba. Isome ukiwa peke yako.

Mama, nimempata baba mdogo Aminieli.

Sikumtafuta. Dalali mmoja anayejua nataka nyumba alinivusha kwa pantoni pale Magogoni, twende Kigamboni tukaone nyumba mpya ambayo haijalaliwa na mtu. Tukiwa majini akanitajia jina la mwenye nyumba: Aminieli.

Milango ilikuwa bado na nailoni zake, vigae vimefunikwa maboksi, rangi inanuka. Baba mdogo akatokea, akashika kiuno, akacheka.

"Manka! Kumbe mteja ni mwanangu?"

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba! Mungu mkubwa. Basi nyumba haitoki kwenye ukoo."

Ukoo aliukumbuka siku hiyo. Hakuukumbuka alipong'oa masale, ile mimea ya mpaka wetu, baba hana hata mwaka kaburini, akayasogeza mpaka kaburi lenyewe likaangukia upande wake. Wewe ulipolia akakwambia marehemu ameacha mtoto wa kike tu, na mtoto wa kike hana mpaka. Hadi leo ukitaka kufagia kaburi la mumeo unaomba ruhusa kwa mke wa baba mdogo. Niliandika maneno yake kwenye shajara yangu nikiwa kidato cha pili, na kila mwaka nikinunua shajara mpya nayanakili ukurasa wa kwanza.

Basi nikaikagua nyumba yake taratibu. Nilimwaga ndoo ya maji bafuni, maji yakapita chini ya mlango yakaelekea sebuleni. Nikamwita aje ayaangalie. Nikafungua bomba moja moja. Nikapitisha kidole kwenye ufa juu ya dirisha. Kila kasoro niliitaja kwa sauti, na kila nilipoitaja nilishusha bei. Dalali akaanza kuhangaika.

"Dada, hii ukiiacha leo, kesho utaikuta ina mapazia ya mtu."

"Mapazia hayo atanunua kwangu," nikamjibu.

Baba mdogo akapunguza. Nikagonga mlango nisikie mbao. Akapunguza tena. Dalali alikuwa ameshaninong'oneza kwamba mkopo umemkaba na nyumba itapigwa mnada. Alipofika kwenye bei ambayo hata mimi niliionea haya, nikasema, "Bei nimeikubali. Sasa rudisha mpaka wa baba."

"Mambo ya shamba la kihamba kule nyumbani na biashara ya mjini yanakutania wapi?"

"Yanakutania kwangu."

Nikaondoka. Sitakudanganya, mama: nilivuka maji yale nikiwa na furaha ambayo siwezi kuisema kanisani.

Jana akaja dukani. Nilikuwa nampimia mteja kitambaa. Akasimama mbele ya kaunta, kofia kwapani, akaninyooshea jani la isale kwa mikono miwili. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ukilipokea, kosa limekwisha, na ukilikataa umejiletea laana.

Jirani yangu wa duka, Mama Zuhura wa Mtwara, akaangua kicheko. "Shoga, mbona mzee wa watu anakupa majani? Amekuona mbuzi?"

"Hili si jani, mama. Huu ni msamaha," akasema baba mdogo.

"Msamaha gani hauna hata chumvi?"

Wateja wakacheka. Mimi sikucheka. Mkono mmoja ulishika rula ya mita, wa pili kitambaa, na sikuachia hata kimoja. Niliendelea kupima.

"Umelichuma wapi, baba mdogo?"

Akaliangalia jani. "Upanga. Kwa wauza maua."

"Umenunua msamaha wa kwenye kopo?"

"Manka, isale ni isale."

"Masale ya baba yangu unajua yalipo, maana uliyapanda mwenyewe pasipo pake. Na wa kuletewa si mimi. Mimi sina mpaka, ulisema."

Aliinamisha kichwa mbele ya watu wote wale. Nikampa sharti langu, akalikubali. Jumamosi anapanda basi. Jumapili asubuhi atayang'oa masale mbele ya wazee, atayarudisha yalipokuwa, kisha atachuma jani palepale na kukuletea wewe. Wazee wakishanithibitishia, natia sahihi, kwa bei yangu. Jani la Upanga alilisahau kwenye kaunta. Mama Zuhura amelitia kwenye chupa ya maji, anasema linapendeza. Mimi siligusi.

Najua moyo wako, mama. Ukimwona amesimama na jani utanyoosha mkono kabla hajafungua mdomo. Sikuzuii, isale halikataliwi. Lakini hakuna mila inayosema lazima aliyekosewa akutwe nyumbani. Jumapili ibada ikiisha, usirudi moja kwa moja. Pitia kwa shangazi. Mwache asimame pale mpakani, jani mkononi, watu wote wanaotoka kanisani wampite, wamuulize anamsubiri nani, na ajibu kwa mdomo wake. Kaburi limesubiri miaka yote hii. Yeye asubiri mchana mmoja.

Chumba cha mbele cha nyumba hiyo ni chako, pazia lake nimeshalikata.

Nisalimie mwalimu wangu wa hesabu, na binamu anayekuchotea maji, mwambie viatu vyake nimevipata Mchikichini. Shangazi msalimie kuliko wote, na umwombe chai ya Jumapili aichemshe polepole.

Ni mimi, mtoto wako wa kike,

Manka